Sauti Chini ya Sinki

"Nakwambia linalia," alisema Mama Sindano kwa mara ya tatu, kasimama katikati ya uwanja na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. "Sinki langu linalia kama ng'ombe aliyefiwa."

"Sinki haliendi msibani, shoga," Mama Bomba akamjibu bila kuinua macho kwenye koki aliyokuwa anaipaka mafuta. "Kazi ya sinki ni kupeleka maji. Kama lako limeanza kulia, ulizana nalo mwenyewe, umelifanya nini."

Waliokuwa wakianika nguo wakaanza kuzianika polepole. Aliyekuwa na haraka ya kwenda dukani akakumbuka kwamba duka halikimbii. Nyumba zile mbili ziligawana ukuta mmoja, uwanja mmoja na kamba moja ya nguo, na wenye nyumba waligawana kila kitu isipokuwa ukimya. Mama Sindano alikuwa mshonaji. Sebule yake ndiyo karakana yake, na hakuna habari ya mtaa iliyopita bila kukunjwa pindo pale kwanza. Mama Bomba alikuwa fundi wa mabomba, na mabomba yote ya nyumba hizo mbili aliyapitisha kwa mkono wake. Kwa hiyo kumwambia kwamba sinki linalia haikuwa habari ya sinki tena. Ilikuwa ni kumwambia mbele ya watu kwamba kazi haijui.

Mama Sindano akaendelea kumwaga mtama. Jana yake alikuwa anampima bi harusi mtarajiwa. Kamsimamisha vizuri, pini mdomoni, mkono wa kushoto wa gauni umeshakaa, wa kulia bado, mara chini ya sinki la jikoni ikatoka sauti nzito, ndefu, isiyo na haya. Bi harusi akatoka mbio na gauni la mkono mmoja, na mpaka saa hiyo hakuwa amerudi, yeye wala gauni. Ukweli ni kwamba Mama Sindano alikuwa ameumia, ila kisa nacho kilikuwa kitamu, na kila alipokirudia ng'ombe alizidi kunenepa.

"Nitamwita fundi mwingine," akamalizia. "Yule wa ng'ambo ya barabara. Aje aone ulichonifanyia."

Hapo koki ikawekwa chini.

Nyuma ya mlango wa Mama Bomba, binti yake alikuwa amesimama kimya, kikombe cha chuma kakibana kwapani. Mtaa mzima ulimwita Kijiti kwa wembamba wake, naye aliitika, maana ukilikataa jina la utani unaongezewa la pili. Kijiti alijua fika huyo ng'ombe ni nani.

Mambo yalianzia shuleni. Pale kwao, kabla watoto wapya hawajaingizwa kwenye bendi, mwalimu wa bendi hufungua stoo, hupanga madawati ukumbini kama meza za sokoni, na juu yake huweka vyombo vyote: filimbi, klarineti, tarumbeta, tarumbeta la kuvuta, ngoma. Mtoto anaanzia mwanzo wa safu na kwenda anavijaribu kimoja kimoja, huku msaidizi wa mwalimu akivisuuza vikombe vya kupulizia ndani ya beseni la maji ya sabuni. Mwalimu anazunguka, anatazama midomo na meno kama anayenunua mbuzi, anapima vidole, halafu anatamka: wewe hiki, wewe kile. Siku hiyo ukumbi ulikuwa na kelele ya kuamsha wafu. Klarineti zilipiga mayowe, tarumbeta zilikohoa, na mtoto mmoja alipuliza mpaka ikabidi akalishwe chini na kupepewa kwa daftari.

Mwisho wa safu, peke yake juu ya kiti, lilikaa tuba, lile tarumbeta mama, linene, limebonyea ubavuni, na mdomo wake ungeweza kumfunika kuku na vifaranga wake. Watoto wote waliambiwa hilo walipite tu. Kijiti hakuona sababu ya kuliweka mahali pa kujaribia kama halijaribiwi. Akapanda kwenye kiti, akalipakata, akapuliza.

Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa kama mtu mzito anageuka kitandani. Lakini ilipita kwenye mapaja yake, ikapanda tumboni, na Kijiti, ambaye nyumbani, darasani na hata kwenye foleni ya kisima alizoea kusukumwa bila mtu kuona kama kamsukuma mtu, akajisikia ameshika nafasi yake yote na ya jirani.

Mwalimu alikuja na cheko. Akamweleza taratibu kwamba tuba lina mtoto wake kila mwaka, na mtoto huyo ni yule ambaye akikaa, kidevu chake kinapita kikombe. Kijiti kikombe kilikuwa kinamtazama machoni. Vidole virefu, kifua kidogo: filimbi. Akamwekea filimbi mkononi.

Kijiti akaishika kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote, akaenda kuirudisha juu ya dawati.

"Sitaki filimbi, mwalimu. Nataka hili."

Angepiga kelele, angefukuzwa yakaisha. Alichomkera mwalimu ni ule upole. Watoto wameshanyamaza, wanasubiri. Mwalimu akachomoa kikombe cha tuba, akampa. Akamwambia akae nacho mpaka Ijumaa. Siku hiyo atapuliza sauti moja tu, na yeye mwalimu atatembea kutoka jukwaani hadi mlangoni na kurudi. Sauti ikikatika kabla hajarudi, filimbi, na habari ya tuba asiitaje tena. Watoto wakacheka. Ukumbi ule ulikuwa mrefu, na mwalimu hakuwa mtu wa mbio.

Nyumbani, kikombe peke yake kilitoa sauti ya nyuki ndani ya kopo. Hakina mzigo, na pumzi bila mzigo ni kama ngumi hewani. Kijiti akaingia kwenye stoo ya mama yake, katikati ya mabomba, viungio na magunia, na macho yake yakatua kwenye kipande cha bomba la zamani kilichotokeza ukutani. Siku zote mama alikuwa anakitundikia aproni. Akaitoa aproni. Akazungusha shingo ya kikombe kwa ule utepe mweupe wanaozungushia nyuzi za bomba, kama alivyomwona mama akifanya tangu hajajua kutembea, akakisokomeza ndani. Kikakaa kama kimezaliwa humo. Akapuliza, na ukuta ukaitika.

Upande wa pili wa ukuta lilikofikia lile bomba, hakuuliza. Nani anauliza bomba linakwenda wapi wakati linaimba?

Basi sasa ilikuwa siku ya pili ya kuimba huko, na uwanjani mama yake alikuwa ameshachukua sanduku lake la vifaa. Mama Bomba alisema atalifungua sinki hilo mbele ya mashahidi, na kama kuna kosa hata la uzi mmoja, atavunja spana zake. Akaingia jikoni kwa jirani na nusu ya uwanja ikaingia nyuma yake. Kutoka mlangoni Kijiti aliona miguu ya mama ikibaki nje ya kabati la sinki, viatu vya kazi vikitazama dari. Akafungua hiki, akagonga kile. Kila kitu kilikuwa kizima. Mama Sindano, kasimama juu yake, akawaambia mashahidi kwamba kwa kweli, lazima watu wajue, huyu fundi kwa maneno hana mpinzani.

Kijiti angeweza kukitia kikombe mfukoni. Sinki lingenyamaza, kisa kingefifia, na fundi wa ng'ambo ya barabara angekuja, asione kitu, na bado aseme kaona, maana fundi hamsifu fundi. Mama angebaki na doa lisilo lake. Na akitoka kusema ni mimi, kikombe kitachukuliwa papo hapo, na Ijumaa yake imekwenda. Alisimama pale akiyapima mawili hayo, na yote mawili yakamchukiza sawasawa.

Akaingia stoo. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Akapuliza.

Jikoni kwa jirani, walisema baadaye, ilikuwa kana kwamba kabati limefunguka koo. Sauti ilimlipukia Mama Bomba sikioni kabisa. Akajigonga kichwa kwenye sinki, spana ikaanguka, mashahidi wakaruka. Sauti ile haikukatika. Iliendelea, nzito na nyoofu, mpaka kila mtu mle jikoni akapata muda wa kumtazama mwenzake na kumaliza, na mpaka Mama Bomba, bado kalala chali, akatambua bomba gani hilo.

Alipobadilisha mabomba ya nyumba hizo, lile la zamani alilikata pande zote mbili akasema atalifunika kesho. Na kesho ya fundi inajulikana. Kazi ya mteja hakuwahi kuilaza hata siku moja. Hiyo ilikuwa ya kwake na ya jirani, akailaza mpaka ikaota ndevu. Akatoka chini ya kabati na utando wa buibui nyweleni, akasema mbele ya mashahidi wale wale kwamba kosa ni lake, bomba halikuzibwa. Alilisema kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Halafu akaenda nyumbani.

Kijiti alimkuta, au tuseme alikutwa, kasimama mbele ya lile bomba na mikono nyuma.

"Lete hicho."

"Sileti, mama. Ijumaa nikishamaliza, nipige utakavyo. Kabla ya hapo sileti."

Hakuwahi kumjibu mama yake hivyo, na wote wawili wakashtuka kidogo. Mama akamuuliza Ijumaa kuna nini, naye akamweleza yote: kidevu, filimbi, jukwaa na mlango. Mama akaendelea kutoa utando wa buibui nyweleni. Lakini Mama Sindano hakuwa mtu wa kuachwa nyuma ya kisa chake mwenyewe; alikuwa ameshafika dirishani, na alikuwa amesikia kila neno.

"Sikio la kufa," akasema. "Mama anashika spana, mtoto anapuliza pembe. Hebu niambieni, humo ndani mwanamke ni yupi?"

Mama Bomba akamgeukia dirishani.

"Mwanamke ni yule aliyekufikishia maji jikoni, shoga. Na bomba nitaliziba. Jumamosi."

"Jumamosi?"

"Jumamosi. Mtoto ana kazi nalo mpaka Ijumaa."

Akaichukua aproni yake sakafuni, akaenda kuitundika kwingine.

Hiyo ndiyo ikawa vita. Mama Sindano hakungoja Jumamosi. Alikusanya vipande vya nguo, mabaki ya magauni na vitambaa vya ndani vya makoti, akavisokomeza kwenye bomba upande wake kwa mpini wa ufagio mpaka vikakataa. Kijiti alipopuliza tena, sauti ikamrudia mashavuni. Bomba lilikuwa limeziba kama pua ya mwenye mafua. Macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango, na badala ya ng'ombe ikatoka ndama, tena anayeumwa. Alikaa chini karibu kulia. Halafu akasimama, akajaribu upya kutoka chini, kule tumboni alikosikia lile tuba siku ya kwanza. Mashavu hayakufua dafu mbele ya vile vitambaa. Tumbo ndilo lililovisukuma, kidogo kidogo.

Upande wa pili, sauti ilifika hafifu, ya chini, kama mtu anayeguna. Na ukuta haukuwa mnene. Kijiti naye aliisikia cherehani ya jirani. Ilimchukua muda kugundua kwamba kila anapoanza, cherehani nayo inaanza. Anapoishiwa pumzi, inasimama, halafu inakuja sauti ya Mama Sindano, kavu, kwa makusudi kabisa:

"Pindo halijafika."

Alikuwa anashindana naye. Kanyago la cherehani upande ule, mapafu upande huu. Mara pindo limefika nusu, mara limebaki kidogo, na kila mara lazima aambiwe. Wateja waliokuja kupimwa wakaanza kukaa zaidi ya lazima. Mama Sindano aliwaambia kwamba yeye hana habari na mtoto wa mtu, yeye anashona, ila leo kaishia kwenye mshono wa ubavu, mwaonaje? Huku na huku, bi harusi akasikia kwamba ng'ombe kajulikana, akarudi kwa ajili ya mkono wa pili. Kijiti alikuwa akilala na ule usemi kichwani. Pindo halijafika. Alimchukia Mama Sindano kwa moyo wake wote, na alipoamka, kabla hajanawa uso, alikwenda kumchukia tena kwenye bomba.

Alhamisi jioni alianza, na cherehani ikaanza. Ikaenda, ikaenda, ikasimama. Kijiti alikuwa bado anapuliza. Aliendelea kupuliza kwenye ukimya ule, na alipomaliza akatega sikio kwenye ukuta. Hakuna aliyesema kitu.

Ijumaa asubuhi mama alimsindikiza hadi getini pa shule, akamkabidhi sanduku la vifaa, limeondolewa spana zote. Kijiti aliliburuta hadi ukumbini, akaliweka juu ya kiti, akakaa juu yake na tuba mapajani. Miguu ilining'inia, lakini kikombe kilikuwa mdomoni na kidevu kimepita.

Mwalimu akauliza hilo sanduku la nini.

"La kukalia, mwalimu. Hukukataza."

Mwalimu akapanda jukwaani, akanyoosha koti, akaanza kutembea. Alitembea kama anayesindikiza jeneza. Sauti ilitoka, ikakaa, na watoto waliokuja kucheka wakasahau walichojia. Akafika mlangoni, akageuka. Katikati ya kurudi akaona kiti kimekaa upande. Akasimama. Akakinyoosha. Akakitazama kama kimenyooka vizuri. Na Kijiti, ambaye pumzi yake ilishonwa kwa kipimo cha pindo, alisikia mbavu zinafungana, sauti ikayumba, ikakatika, mwalimu akiwa hatua chache tu toka jukwaani.

"Filimbi," akasema mwalimu, wala hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayefunga dirisha.

Ukumbi ukasubiri aone aibu. Kijiti akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Makubaliano yalikuwa kwenda na kurudi, mwalimu. Kiti hakikuwemo."

Mwalimu akasema kilichopita kimepita. Kijiti hakubishana tena. Akavuta pumzi, ndefu, mabega yakabaki chini na tumbo likajaa, akaanza upya bila ruhusa ya mtu. Sauti ikagonga vioo vya madirisha. Mwalimu alimwambia aache. Midomo yake ilionekana ikisema hivyo, ila yeye mwenyewe hakusikika. Watoto wakamgeukia mwalimu, wote, na nyuma mmoja akaanza kupiga mguu chini polepole, hatua moja, hatua moja, wengine wakamfuata, hadi ukumbi mzima ukawa unatembea isipokuwa anayetakiwa kutembea. Mtu mzima anaweza kusimama mbele ya hali hiyo kwa muda fulani tu. Mwalimu akatembea. Mlangoni, akageuka, akapita ubavuni mwa kile kiti bila kukitazama, akafika jukwaani, akapanda. Kijiti hakuacha. Alimwacha asimame juu pale kidogo, aisikie vizuri, ndipo akashusha.

Mwalimu akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Baadaye akamuuliza dude hilo atalipelekaje nyumbani, maana wa bendi wote huenda na vyombo vyao kwao kwa mazoezi ya Jumamosi.

"Mama ana toroli," akasema Kijiti.

Waliingia uwanjani jua likiwa bado kali, mama akisukuma toroli la mabomba, tuba limelala ndani limefunikwa gunia, binti kashika ubavu lisiyumbe. Nguo zikaanza tena kuanikwa polepole. Mama Bomba hakusalimia mtu zaidi ya kawaida. Akashusha mzigo, akachanganya saruji kidogo kwenye kopo, akasema Jumamosi ni kesho lakini kesho yake yeye imeshamtia aibu ya kutosha, analiziba leo. Akaziba upande wao, kisha akaenda na kopo lake hadi mlangoni kwa Mama Sindano, akasimama kama anayesubiri kufukuzwa.

Hawakuwa wamesemeshana tangu ile siku ya dirishani. Mama Sindano akajitokeza na utepe wake shingoni, akalitazama kopo, akamtazama fundi, akapitisha macho juu ya bega lake hadi kwa Kijiti na lile gunia.

"Kwa hiyo sauti sasa imeletewa na mwili wake," akasema.

"Ndiyo, mama mdogo," akajibu Kijiti. "Na kesho asubuhi naanza mazoezi. Hapa hapa uwanjani."

Alimtazama usoni alipokuwa akisema, wala hakuongeza samahani. Mama Bomba akakohoa. Mama Sindano akaikunja midomo, kama mtu mwenye pini bado mdomoni, akauliza kama mwalimu alifika jukwaani. Kijiti akasema alifika, ila kwa safari ya pili, maana ya kwanza alisimama kunyoosha kiti.

"Alisimama?" Mama Sindano akashika kiuno. "Katikati ya pindo? Mwizi mkubwa yule. Hebu nisimulie, lakini anzia mwanzo, usiniruke hata hatua." Kisha akakumbuka msimamo wake, akajirudi, sauti ikakauka tena. "Sikilizeni nyote wawili. Sijasamehe kitu. Tusije tukaelewana vibaya."

Akavuta komeo la juu, akavuta na la chini, akausukuma ubao wa pili wa mlango, ule ambao haukuwahi kufunguliwa ila siku ya kuingiza kabati. Ndani, meza ya kukatia vitambaa ilikuwa imeondolewa vitambaa, na sahani zilikuwa zimeshapangwa, pamoja na mbili zaidi ya watu wa nyumba ile.

"Saruji ikauke baadaye. Naweni mikono mje mle, chakula kinapoa. Na wewe Kijiti, liingize hilo dude, lisibaki juani. Mlango upo wazi wote."